Mgonjwa Mikononi mwa Wengi: Ushirikiano wa Watumishi wa Afya na Upatikanaji wa Huduma ya Msingi nchini Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ushirikiano wa watumishi wa afya wa ngazi mbalimbali unavyomfikisha mwananchi kwenye huduma ya afya ya msingi. Mfano mkuu ni Rwanda, ambako tangu mwaka 1995 sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikimsubiri daktari imegawanywa baina ya washauri wa afya wa vijijini, wauguzi wa vituo vya afya na madaktari wa hospitali za wilaya. Hoja inayotetewa ni kwamba kugawana kazi peke yake hakutoshi. Huduma hupatikana au hukosekana pale mgonjwa anapotoka mkononi mwa mtumishi mmoja kwenda kwa mwingine. Sehemu ya mwisho inajadili lugha ya makabidhiano hayo, jambo ambalo wanataaluma wa Kiswahili wana la kulichangia.

1.0 Utangulizi

Mnamo Septemba 1978, wajumbe kutoka nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstani ya leo, wakatoa azimio ambalo hadi sasa ndilo msingi wa mijadala yote kuhusu huduma ya afya ya msingi. Kinachokumbukwa zaidi katika azimio hilo ni ahadi ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Kinachosahauliwa ni kwamba azimio lilitaja pia nani wa kuifanya kazi hiyo: madaktari, wauguzi, wakunga, watumishi wasaidizi, wahudumu wa jamii na, pale inapohitajika, waganga wa jadi, wote wakiwa wameandaliwa kufanya kazi kama timu moja ya afya. Ahadi ilinukuliwa katika hotuba nyingi, lakini habari ya timu iliachiwa wasimamizi wa vituo waitatue wenyewe.

Takribani miaka 30 baadaye, taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 iliorodhesha nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi, 36 kati yake zikiwa za Afrika. Kigezo kilichotumika kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Nchi iliyo chini ya kigezo hicho hubakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri hadi vyuo vitoe wataalamu wa kutosha, jambo linalochukua miaka mingi na ambalo halina hakika, kwa kuwa wengi wa wahitimu huvutwa na miji au na nchi za mbali. Ya pili ni kuuliza swali jingine: je, kila kazi inayofanywa na daktari leo inamhitaji daktari kweli? Njia hizi mbili hazipingani, ila mgonjwa aliye kitandani usiku huu anaweza kufaidika na ile ya pili tu.

Katika makala haya, huduma ya msingi inachukuliwa kuwa ni ile ambayo mtu huikuta kwanza anapougua au anapotaka kujikinga na maradhi, pamoja na ufuatiliaji unaoendelea baada ya hapo. Upatikanaji nao hauishii kwenye umbali wa kituo kutoka nyumbani. Mama anaweza kuishi hatua mia tatu kutoka zahanati na bado asiipate huduma, iwapo atakaa kwenye foleni tangu alfajiri, akafika dirishani saa nane na kuambiwa kwamba mhusika ameondoka.

2.0 Kwa nini Rwanda

Rwanda imechaguliwa kwa sababu uhaba wake wa watumishi haukuwa wa kawaida. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliiacha nchi bila sehemu kubwa ya wataalamu wake wa afya. Wengi waliuawa na wengine wakakimbia. Vituo viliporwa, na imani ya watu kwa majirani zao, seuze kwa taasisi, ilikuwa imevunjika. Hali hiyo haikuruhusu mfumo unaomtegemea daktari kwa kila jambo. Mwaka 1995 serikali ilianza mpango wa washauri wa afya wa jamii, ambao kwa Kinyarwanda huitwa *abajyanama b'ubuzima*.

Jina hilo linastahili kutazamwa kidogo. *Umujyanama* ni mtu anayekupa shauri. Hajaitwa msaidizi wala mfanyakazi wa daraja la chini. Wanakijiji humchagua wao wenyewe kutoka miongoni mwao, na sifa zinazotazamwa ni kujua kusoma na kuandika, kuaminika, na kuwa tayari kugongewa mlango usiku. Katika utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, kila kijiji, yaani *umudugudu*, kilikuwa na washauri watatu: jozi ya mwanamume na mwanamke waliohusika na magonjwa ya watoto, na mwanamke mmoja aliyefuatilia wajawazito na watoto wachanga. Kwa kuwa nchi ina vijiji 14,837, idadi yao ilikaribia 45,000. Mpangilio huo umekuwa ukirekebishwa katika miaka ya karibuni ili mshauri mmoja aweze kushika kazi nyingi zaidi, lakini msingi wa kuchaguliwa na kijiji umebaki.

Juu ya washauri hawa kuna vituo vya afya, ambavyo kwa kawaida huongozwa na muuguzi. Juu yake zipo hospitali za wilaya, ambako ndiko madaktari wanakopatikana kwa uhakika. Msomaji wa Tanzania atakumbuka ngazi za zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na yule wa Uganda atakumbuka vituo vya daraja la kwanza hadi la nne. Ngazi kama hizi zimo katika michoro ya wizara zote za ukanda huu. Rwanda inastahili kuchunguzwa kwa yale yaliyofanywa ili mtu aweze kupanda na kushuka ngazi hizo bila kuanguka katikati.

3.0 Safari ya mtoto mwenye homa

Njia nzuri ya kuuelewa mfumo ni kumfuata mgonjwa mmoja. Tuchukue mtoto wa miezi kumi na minne, kilimani katika wilaya ya mashariki, ambaye mwili umeanza kuchemka baada ya jua kutua. Zamani mama yake angekuwa na chaguo la kumbeba gizani mwendo wa saa moja au zaidi, au kungoja asubuhi. Sasa anakwenda nyumba ya tatu au ya nne kutoka kwake.

Mshauri anaanza kwa kuuliza na kutazama. Je, mtoto ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea kiasi cha kutoamka? Jibu la ndiyo kwa swali mojawapo kati ya matatu ya mwisho, au mtoto kushindwa kunywa, ni dalili ya hatari, na hapo kazi ya mshauri si kutibu tena bali ni kumfikisha mtoto kituoni haraka. Dalili hizo zikikosekana, anaendelea. Anapima damu kwa kipimo cha haraka cha malaria. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima akitumia kipima muda. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi kupita kawaida, na kwa wa miezi 12 hadi 59 kiwango ni 40. Anapima mzunguko wa mkono kwa utepe wenye rangi, na utepe ukisoma chini ya milimita 115 utapiamlo ni mkali. Kutokana na majibu hayo hutoa dawa mseto ya malaria, au antibiotiki kwa nimonia, au maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa anayeharisha. Kila hatua huandikwa kwenye daftari.

Ningependa tusimame hapa, kwa kuwa wasomi wengi huichukulia kazi hii kama huduma duni wanayopewa maskini kwa kukosa iliyo bora. Kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima ni jambo ambalo daktari mwenye wagonjwa themanini mlangoni mara nyingi hulifanya kwa kukadiria kwa macho. Mshauri, ambaye usiku huo ana mgonjwa mmoja, hulifanya kikamilifu. Ujuzi wake ni mwembamba, lakini hauna mashimo mahali pale unapohitajika. Kwa malaria, mfumo huu uliongezewa nguvu kuanzia mwaka 2016, watu wazima nao waliporuhusiwa kupimwa na kutibiwa kijijini, na miaka michache baadaye washauri walikuwa wakitibu zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa malaria nchini. Maana yake kwa muuguzi wa kituo ni nyepesi kueleweka: foleni iliyokuwa imejaa homa za kawaida ilipungua, naye akapata nafasi ya kumsikiliza mwenye kisukari.

Kwa wajawazito, kazi ya mshauri wa uzazi haikuwa kuzalisha. Hili ni muhimu, kwa sababu mipango mingi ya awali barani Afrika ilijaribu kuwafunza wakunga wa jadi wazalishe nyumbani kwa usafi zaidi, na mafanikio yake yalikuwa haba. Rwanda ilichagua kumfanya mshauri awe msindikizaji. Humwandikisha mama mapema, humkumbusha mahudhurio, na uchungu unapoanza huenda naye kituoni. Mwaka 2009, katika wilaya ya Musanze, ulianza kujaribiwa mfumo wa ujumbe mfupi wa simu ambapo mshauri huandikisha ujauzito na kutuma taarifa za hatari ili kituo na gari la wagonjwa vijue kabla mama hajafika. Mfumo huo baadaye ulienea nchi nzima. Taarifa za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba uzazi uliofanyika katika vituo ulikuwa takribani asilimia 28 mwaka 2005, ukafika asilimia 69 mwaka 2010 na asilimia 91 katika taarifa ya 2014/15. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000, vilishuka hadi 203 katika taarifa ya 2019/20.

Si haki kuyahusisha mafanikio hayo yote na ushirikiano wa watumishi. Bima ya afya ya jamii, vyandarua, chanjo, barabara na elimu ya wasichana vyote vimechangia, na kutenganisha mchango wa kila kimoja ni kazi ngumu. Lakini ni vigumu kuona jinsi bima ingemfikisha mama kituoni saa nane usiku bila mtu wa kumsindikiza, au jinsi msindikizaji angefaa kitu iwapo kituoni hakuna muuguzi anayemtarajia.

4.0 Muuguzi kwenye kiti cha daktari

Ngazi ya pili ya ushirikiano ni ile ya muuguzi na daktari, na hapa ndipo hisia za kitaaluma huwa kali zaidi. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kupatikana kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, kanuni ilikuwa kwamba daktari pekee ndiye anayeweza kuzianzisha kwa mgonjwa. Kwa nchi ambayo madaktari wake walikuwa hospitalini na wagonjwa wake vilimani, kanuni hiyo ilikuwa sawa na kusema kwamba dawa zipo lakini hazitolewi.

Kuanzia mwaka 2005, vituo vitatu vya afya vya vijijini vilijaribu utaratibu mwingine. Muuguzi aliyefunzwa alimpima mgonjwa, akamwanzishia dawa iwapo hali yake haikuwa na utata, na akamfuatilia. Daktari alifika kituoni mara moja kwa wiki, akakutana na wagonjwa wenye matatizo magumu na kupitia kazi ya muuguzi pamoja naye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalihusu wagonjwa 1,076 walioandikishwa, ambapo 451 kati yao walianzishiwa dawa, na hali zao hazikuwa mbaya kuliko za wagonjwa waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Makadirio mengine yaliyofanywa nchini humo yalionyesha kwamba mgawanyo wa namna hiyo ungepunguza muda wa daktari unaohitajika kwa tiba hiyo kwa takribani robo tatu.

Baadhi ya watu huyasoma matokeo haya kana kwamba yanasema daktari hahitajiki. Usomaji huo ni wa pupa. Kilichofanya kazi katika vituo vile vitatu ni muuguzi pamoja na ziara ya kila wiki. Ondoa ziara, ubaki na muuguzi aliyepewa mzigo asiokuwa na wa kumuuliza. Katika Kiswahili cha utawala tunasema kukasimu majukumu, na neno hilo limebeba sharti ambalo mara nyingi halitimizwi: anayekasimu hubaki na wajibu.

Somo hilo lilichukuliwa kwa uzito katika wilaya ya Kirehe na kusini mwa Kayonza, ambako kuanzia mwaka 2010 wauguzi wazoefu walitumwa kukaa na wenzao katika vituo vya afya, si kuwakagua bali kuwaelekeza. Mkaguzi wa kawaida huja na orodha, hutazama madaftari, huweka alama na kuondoka kabla ya mchana. Mwelekezi huketi kwenye chumba cha mashauriano, humtazama mwenzake akimpokea mgonjwa, na mgonjwa akishatoka wanazungumza: kwa nini hukumvua mtoto shati ulipomhesabu pumzi? Aidha, yale anayoyaona hayaishii chumbani. Kama kipimo kimekwisha au mizani imeharibika, huyafikisha wilayani. Kwa wale waliowahi kufundisha, tofauti hii haihitaji maelezo marefu. Ni ile iliyopo kati ya mkaguzi wa shule na mwalimu mwenza.

5.0 Fedha na heshima

Timu haiishi kwa nia njema. Washauri wa Rwanda ni watu wa kujitolea, hawana mshahara, na hili ni doa ambalo halifai kufunikwa. Kinachowafikia ni malipo yanayotokana na utendaji, na sehemu kubwa ya fedha hizo huingia katika ushirika wao badala ya mfuko wa mtu mmoja mmoja. Ushirika huendesha miradi ya kilimo, ufugaji au biashara. Mpango huu una busara yake, kwani mshauri mvivu huwapunguzia wenzake mapato na hivyo wenzake humfuata kabla ya wilaya kumfuata. Una ukali wake pia. Mwanamke anayeamshwa usiku mara tatu kwa wiki hawezi kula gawio la ushirika linalotoka mwisho wa msimu, na kadiri kazi inavyoongezwa, swali la mshahara litazidi kuwa gumu kukwepa.

Heshima nayo ina bei. Muuguzi anayempokea mgonjwa aliyeletwa na mshauri anaweza kumkaribisha mshauri huyo, akamuuliza alichokiona. Au anaweza kumwacha nje na kumuuliza mgonjwa yote upya. Katika hali ya kwanza mshauri atarudi kijijini akiwa ameongezeka kimo mbele ya majirani. Katika hali ya pili, wiki ijayo mama mwingine atasema, kwa nini nipite kwako ilhali huko hawakusikilizi? Ngazi ya kwanza huporomoka hivyo, kimyakimya, bila taarifa yoyote kuandikwa.

6.0 Mahali pa makabidhiano

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu katika kituo kimoja, si lazima kukitaja, kwa ajili ya shinikizo la damu. Mapokezi walimpima na kuandika kwenye kadi. Chumba cha pili walimpima tena bila kuitazama kadi. Tabibu alipotuita aliuliza kama amewahi kupimwa. Maabara walitaka karatasi ambayo tabibu alidhani imeshaandikwa na muuguzi. Saa sita baadaye, tukiwa benchi lile lile, shangazi aliniinamia akauliza: "Mwanangu, hawa watu wanajuana?" Kila mmoja kati ya watumishi wale alifanya kazi yake, na hakuna aliyekuwa mkali. Sidhani kama kuwaongeza wengine watatu kungetutoa mapema zaidi.

Swali la shangazi ndilo kiini cha makala haya. Mafunzo ya kada mbalimbali huandaliwa kila moja kivyake, na mitihani humpima mtu peke yake. Makabidhiano hayana mwenyewe. Ndiyo maana mifumo mingi hujenga njia ya kupanda vizuri zaidi kuliko njia ya kushuka. Mshauri akimwandikia mtoto rufaa, karatasi hufika kituoni mkononi mwa mama. Kituo kikimpeleka hospitalini, gari la wagonjwa huitwa. Lakini mtoto akishapona na kuruhusiwa, ni mara ngapi mshauri hupata habari kwamba alipatikana na nini, anatumia dawa gani, na arudi lini? Fomu ya kurudisha taarifa imo katika utaratibu wa Rwanda na wa nchi jirani, na kila mahali malalamiko ya watumishi wa ngazi ya chini ni yale yale: karatasi hupanda na haishuki. Mshauri asiyepata majibu hanufaiki na kosa lake wala na usahihi wake. Atabaki na ujuzi ule ule aliopewa siku ya mafunzo.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Daftari la mshauri wa Rwanda limeandikwa kwa Kinyarwanda, ilhali karatasi za hospitali kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kutegemea mwandishi alisoma lini. Muuguzi wa kituo huwa mkalimani bila kuajiriwa kwa kazi hiyo. Anaposhikwa na shughuli, tafsiri hukoma kwake. Tanzania ina nafuu kwa kuwa mgonjwa, mhudumu wa jamii na tabibu huzungumza Kiswahili, ingawa hata huko cheti kinachotoka hospitalini huandikwa Kiingereza, tena kwa vifupisho.

Yapo pia majina. Mgonjwa wa Rwanda humwita *muganga* takribani kila aliyevaa koti jeupe, kama vile mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa anavyomwita kila mmoja daktari. Katika utumishi wa Tanzania, mganga mkuu wa wilaya ni cheo cha serikali. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, neno mganga kwa wengi humleta akilini mtu wa hirizi na mitishamba. Tabibu, muuguzi, mkunga, mhudumu wa afya, mshauri: maneno haya yapo, ila mipaka yake haijulikani kwa wanaoyahitaji zaidi. Mgonjwa asiyejua kwamba muuguzi amefunzwa na kuruhusiwa kumwandikia dawa atadai kumwona "daktari mwenyewe", na foleni tuliyodhani imegawanywa itarudi kukusanyika mbele ya mlango mmoja.

7.0 Majirani

Uganda ilianzisha timu za afya za vijiji mwaka 2001, mwaka ule ule ilipofuta malipo katika vituo vya serikali. Jambo la kuvutia ni kwamba timu hizo zimehesabiwa kuwa ndizo kituo cha afya cha daraja la kwanza: kituo kisicho na jengo, kilichofanywa na watu. Wazo hilo ni la kijasiri, na kwa maoni yangu ni bora kimantiki kuliko la nchi nyingi. Udhaifu wake umekuwa katika ugavi, kwa kuwa timu isiyo na dawa hubaki na shauri tu, na shauri peke yake huchosha watu haraka.

Tanzania ina historia ndefu zaidi ya kukasimu. Madaktari wasaidizi walianza kufunzwa mwaka 1963, na kwa miongo mingi ndio waliofanya upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za wilaya ambazo hazikuwa na daktari bingwa. Kabla ya dunia kuupa jina mgawanyo huo wa kazi, wanawake wa Mtwara na Kigoma walikuwa wameshaokolewa nao.

8.0 Kiswahili katika makabidhiano

Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Mijadala yetu kuhusu matukio hayo imejikita katika shule, bunge na biashara. Ningependa afya iingizwe, na ianze mahali padogo. Tunalo neno rufaa, linalofahamika hadi vijijini. Kwa safari ya kurudi hatuna neno lililotulia. Baadhi ya watumishi husema mrejesho, wengine husema majibu, na wengi hutumia neno la Kiingereza au la Kifaransa. Napendekeza *mrejesho wa rufaa*, kwa kuwa linaonyesha kwamba karatasi inayoshuka ni nusu ya ile iliyopanda, na kwamba rufaa isiyo na mrejesho haijakamilika.

Kando ya neno, tunahitaji fomu. Pendekezo ni karatasi moja yenye sehemu mbili, katika lugha ya eneo na Kiswahili, isiyozidi mistari sita kwa kila upande. Ya kupanda ieleze nilichokiona, nilichotoa, na kwa nini namtuma. Ya kushuka ieleze tulichokikuta, dawa anazotumia, na siku ya kutazamwa tena nyumbani. Eneo la kuijaribia lipo. Kati ya Kirehe na Ngara kuna daraja la Rusumo, na mama anayeuza ndizi upande mmoja huweza kuugua akiwa upande wa pili. Kamati za istilahi zitakapoketi kuamua maneno ya kuwekwa kwenye mistari hiyo, viti viwili vya kwanza wapewe mshauri wa kijiji na muuguzi wa kituo, mmoja kutoka kila upande wa mto, na rasimu isomwe mbele yao kwa sauti kabla ya kupigwa chapa.